Nyimbo za Pop Zilizosukwa Upya kwa Elektroniki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara mtu anapokutana na wimbo anaoujua tangu zamani ukiwa umegeuzwa milio ya mashine. Yameanzia kwenye ya msingi na kuishia kwenye yenye utata. Jambo likiwa limejibiwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Huu ni muziki wa namna gani hasa?

Msanii anachukua wimbo wa pop ambao umeshakaa masikioni mwa watu, kisha anausuka upya kwa vyombo na mbinu za elektroniki mpaka namna ya kuusikiliza inabadilika. Anaweza kutumia sinthesaiza (chombo kinachounda sauti kwa umeme), mashine ya ngoma, kanda za sumaku, kompyuta, au rekodi yenyewe ya zamani iliyokatwakatwa. Ni muziki wa majaribio kwa maana halisi: wimbo unabanwa, unavutwa na kupunguziwa viungo ili ijulikane utabaki na nini.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kupiga na kuimba kila kitu upya bila kugusa rekodi ya asili, kama walivyofanya bendi za Devo, Soft Cell na The Flying Lizards. Ya pili ni kuifanya rekodi ya asili kuwa malighafi: kuikata, kuipunguza kasi, kuicheza kinyumenyume, kuizungusha sehemu moja mara mia. Huko ndiko aliko John Oswald wa Kanada na wasanii wengi wa kompyuta waliomfuata. Tofauti ya njia hizi mbili si ya kisanaa tu. Mbele ya sheria ni mambo mawili mbalimbali, na hilo limeelezwa chini ya "Sheria na ruhusa".

Ina tofauti gani na rimiksi au kava ya kawaida?

Kava ya kawaida huacha mifupa ya wimbo kama ilivyo. Melodi, kordi na mpangilio wa beti hubaki, ila mwimbaji na rangi ya sauti hubadilika. Rimiksi kwa kawaida huagizwa na mwenye wimbo, na mtengenezaji hukabidhiwa sauti na vyombo vikiwa vimetenganishwa ili aupeleke wimbo kwenye ukumbi wa dansi.

Katika muziki tunaouzungumzia hapa, mifupa yenyewe ndiyo inayoguswa, na mara nyingi hakuna aliyeagiza. Mipaka haijachorwa kwa rula, lakini kuna kipimo ninachokiamini: ukimaliza kusikiliza, je, umeujua wimbo wa asili kwa namna ambayo hukuwa unaujua? Kama jibu ni hapana, hiyo ilikuwa kava yenye sinthesaiza.

Kwa nini wasitunge nyimbo zao wenyewe?

Kwa sababu wimbo mpya hauwezi kuwa na pengo. Wimbo unaojulikana unaweza.

Chukua toleo la Devo la "(I Can't Get No) Satisfaction", lililotoka kwanza mwaka 1977, kisha likaingia kwenye albamu yao ya 1978 iliyosimamiwa na Brian Eno. Wimbo wa asili wa The Rolling Stones, wa mwaka 1965, unatambulika kwa mlio wa gitaa unaoufungua. Devo waliuondoa mlio huo wote. Wakabakiza maneno, wakayaweka juu ya mdundo unaoshtuka na kukatika kila mahali. Msikilizaji anaungoja ule mlio tangu mwanzo hadi mwisho, na kutokuja kwake kunakuwa sehemu ya muziki. Yale maneno ya mtu asiyetosheka ghafla yanamhusu na msikilizaji pia. Wanabendi wenyewe husimulia kwamba walimsikilizisha Mick Jagger kabla ya kuutoa, naye akainuka kucheza.

Hapo ndipo ilipo siri ya sanaa hii nzima, na nitairudia kwenye majibu mengine: kinachobakizwa kina uzito kuliko kinachobadilishwa. Kubadilisha ni rahisi, mashine hubadilisha chochote. Kuchagua kitu kimoja cha kuacha bila kukigusa, na kukiacha kweli, ndiyo kazi.

Si kuwadhihaki wasanii wa zamani?

Zipo kazi za dhihaka ya wazi. The Residents, kundi la Marekani ambalo wanachama wake walificha sura zao kwa miongo kadhaa, mwaka 1976 walitoa albamu nzima ya kuzirarua nyimbo za pop za miaka ya 1960, na hawakuficha makali yao dhidi ya biashara ya muziki. Lakini hata wao walizijua nyimbo hizo noti kwa noti.

Nyingi zaidi zinatokana na mapenzi. Christian Fennesz wa Austria aliposhika "Don't Talk (Put Your Head on My Shoulder)" ya The Beach Boys na kuiyeyusha ndani ya kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990, hakuna kejeli hata chembe ndani yake. Unasikia mtu aliyeupenda mwanga wa wimbo ule kuliko melodi yake, akabaki na mwanga peke yake.

## Ulikotoka

Ulianza lini?

Mwaka 1961 unafaa kushikwa kama mwanzo, kwa sababu mambo mawili yalitokea Marekani yakielekea pande tofauti.

Kwenye maabara ya Bell Labs, kompyuta ya IBM iliimba "Daisy Bell", wimbo uliopendwa tangu mwaka 1892. John Kelly na Carol Lochbaum waliunda sauti ya kuimba, Max Mathews akaunda muziki wa kusindikiza. Kutumia wimbo wa zamani kulisaidia: sauti ya mashine ilikuwa ngumu kueleweka, na mtu anayejua maneno tayari huyasikia hata pale yanapokwaruza. Kumbukumbu ya msikilizaji ilimalizia kazi ambayo mashine haikuiweza.

Mwaka huohuo, kwenye studio ya Chuo Kikuu cha Illinois, James Tenney alichukua rekodi ya Elvis Presley ya "Blue Suede Shoes", akaikata kwa wembe, akaipandisha na kuishusha kasi, akaigeuza kinyumenyume, akaunganisha vipande kwa gundi. Kwa dakika ya kwanza hivi huoni Elvis alipo. Baadaye sauti yake inachomoza ghafla, inatambulika, kisha inazama tena. Karibu kila kinachofanywa leo kwa kompyuta na rekodi za watu kimo ndani ya kipande kile kifupi.

Terry Riley akafuata mwaka 1967 na kazi ya takriban dakika 20 iliyojengwa kwa kuzungusha vipande vya wimbo mmoja wa soul, iliyoagizwa na ukumbi wa dansi wa Philadelphia. Na baada ya Wendy Carlos kuuza kwa wingi muziki wa Bach uliopigwa kwa sinthesaiza ya Moog mwaka 1968, lebo zilijaza maduka albamu za nyimbo za pop zilizopigwa kwa chombo hicho. Nyingi za albamu hizo ni kava zenye rangi mpya tu, na zimezeeka vibaya.

Jamaika ina nafasi gani katika habari hii?

Kubwa, na huwa inasahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Kingston, King Tubby na Lee Perry walikuwa wakichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kupendwa, wanazima sauti ya mwimbaji, wanairudisha kwa neno moja lenye mwangwi, wanaacha besi na ngoma peke yake, wanarudisha gitaa kwa sekunde moja na kulizima tena. Meza ya kuchanganyia sauti iligeuka chombo cha muziki, na mtindo huo ukaitwa dub. Waliokuja baadaye wa Uingereza, akiwemo David Cunningham wa The Flying Lizards, walisikiliza dub kwa makini. Kanuni ya pengo niliyoieleza kwa mfano wa Devo, Wajamaika walikuwa wakiitumia kila siku kabla ya Devo kuingia studio.

Kwa nini nyimbo nyingi za aina hii zilitoka kati ya 1977 na 1982?

Sinthesaiza zilishuka bei, mashine za ngoma zikaanza kupatikana, na vijana waliotoka kwenye vyuo vya sanaa hawakuona haja ya kujua kupiga gitaa. Kuchukua wimbo unaojulikana kuliwapa njia ya mkato: mtunzi alishamaliza kazi yake, wao wakashughulika na sauti.

The Flying Lizards walifikia nafasi ya 5 Uingereza mwaka 1979 na "Money (That's What I Want)", wimbo ambao Barrett Strong aliuimba huko Detroit mwaka 1959 kwa jasho na shauku. Deborah Evans, mwenye sauti katika toleo hilo, hauimbi. Anausema, kwa sauti bapa ya mtu asomaye tangazo, huku piano lililotupiwa vitu ndani ya nyuzi zake likigongwagongwa nyuma yake. Njaa ya fedha ya Strong inageuka kuwa amri ya mtu aliyezoea kupewa. Neno halikubadilika.

Telex wa Ubelgiji, mwaka huohuo, waliuchukua "Rock Around the Clock", wimbo uliowafanya vijana wa miaka ya 1950 waruke, wakaupunguza kasi mpaka ukawa mtu mmoja anayenong'ona peke yake. Huko Japani, Yellow Magic Orchestra waliikatakata "Day Tripper" ya The Beatles mpaka ikajikwaa. Huko Sheffield, The Human League walipiga "You've Lost That Lovin' Feelin'" kwa sinthesaiza tupu.

Wimbo mmoja unaweza kusukwa upya zaidi ya mara moja na bado ukawa na jipya?

Mfano bora ni "Tainted Love", na unastahili kusikilizwa kwa mpangilio, toleo baada ya toleo.

Ed Cobb aliutunga, Gloria Jones akauimba, ukatoka mwaka 1965 kama upande wa pili wa santuri na haukufua dafu. Una tarumbeta, mwendo wa mbio, na mwanamke anayekimbia mapenzi yanayomuumiza. Unaamini atafika anakokimbilia. Miaka ya 1970 vilabu vya dansi vya kaskazini mwa Uingereza, vilivyopenda santuri za soul zilizosahaulika, vikaufufua.

Soft Cell, yaani Marc Almond na Dave Ball, waliusikia huko. Mwaka 1981 waliushusha mwendo, wakaondoa tarumbeta zote, na mahali pake pakawa na milio miwili mifupi ya sinthesaiza inayojibu kila mstari. Ulishika nafasi ya 1 Uingereza. Mtu bado anataka kukimbia, ila sasa chumba ni kidogo na mlango hauonekani.

Mwaka 1985 Coil, kundi jingine la Uingereza, wakauchukua tena na kuushusha hadi mwendo wa mazishi. Ukimwi ulikuwa ukiua marafiki wa watu hao, na mapato yalikwenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika la Uingereza linalohudumia wenye ugonjwa huo. Hawakubadilisha maneno. Mapenzi yaliyotiwa doa, maneno yaliyokuwa ya ugomvi wa wapenzi, yakawa habari ya damu. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi hivyo kwamba ukibakiza maneno na kuondoa kila kilichoyazunguka, maneno yenyewe yanaweza kugeuka mbele ya macho yako.

Vipi kuhusu zile nyimbo za miaka ya 1980 zilizopunguzwa kasi na kujaa mwangwi?

Hiyo ni vaporwave. Daniel Lopatin, akitumia jina la Chuck Person, alitoa kaseti mwaka 2010 yenye vipande vifupi vya pop ya zamani vilivyopunguzwa kasi na kuzungushwa mpaka mstari mmoja wa kawaida uanze kuuma. Mwaka uliofuata albamu ya Macintosh Plus ilimfanya Diana Ross wa 1984 asikike kama anaimba akiwa usingizini. Mbinu yenyewe ilikuwa imeshakomazwa na DJ Screw huko Houston miaka ya 1990, kwa santuri mbili na kaseti, juu ya rap. Jina lake halitajwi inavyostahili.

## Kusikiliza

Nianze na zipi?

Anza na The Flying Lizards, kwa sababu inaeleweka ndani ya sekunde kumi. Kisha Devo. Kisha Tainted Love tatu kwa mpangilio nilioutaja. Baada ya hapo msikilize Oswald katika "Pretender": Dolly Parton anaimba "The Great Pretender" huku kasi ikishuka polepole, na sauti yake inazama mpaka inakuwa ya mwanamume, bila mshono wowote unaoonekana. Maliza na Fennesz, usiku, kwa spika za masikioni. Ukianza na Fennesz huenda usirudi tena.

Lazima niujue wimbo wa asili?

Kwa kazi nyingi, ndiyo. Usikilize mara mbili kwanza. Sanaa hii inacheza na kile unachokitarajia, na asiyetarajia kitu hakosi kitu. Wapo watu wengi walioijua "Tainted Love" ya Soft Cell kwa miaka bila kujua kuna nyingine kabla yake, na wakaipenda. Wimbo mzuri husimama wenyewe. Ila hawakuisikia ile sehemu ya tarumbeta kutokuwepo.

Mbona mwimbaji anaonekana hana hisia?

Pop ya zamani ilikuwa ikikuonyesha ujisikieje: sauti inapanda, nyuzi za vayolini zinaingia, unalia. Mwimbaji akikataa kukuonyesha, mzigo unahamia kwako. Wengine hawaupendi mzigo huo, na wana haki. Binafsi naona kwamba wimbo wa majonzi unaoimbwa kwa sauti kavu unaniacha na nafasi ambayo ule wa asili ulikuwa umeijaza wote.

Kwa nini karibu zote ni za polepole?

Si zote, ila ni kweli kwamba kupunguza kasi ndiyo mbinu iliyozoeleka mno, na kwa sasa inatumiwa kivivu. Inafanya kazi kwa sababu inafunua vitu: pumzi kabla ya mstari, mkwaruzo wa kidole kwenye waya, kwaya ya nyuma ambayo hukuwahi kuisikia. Pia inageuza furaha kuwa huzuni bila jasho, na hapo ndipo uvivu unapoingia. Mtu akipunguza kasi ya wimbo ambao tayari ulikuwa wa huzuni, hajasema lolote.

## Kutengeneza

Nahitaji vifaa gani?

Kompyuta yoyote inayoweza kuendesha programu ya kurekodi, na spika za masikioni ambazo haziongezi besi kupita kiasi. Programu za bure zinatosha kabisa. PaulStretch, iliyotengenezwa na Paul Nasca, inavuta sauti mara nane, mara hamsini, mara elfu, na haigharimu chochote. Usinunue sinthesaiza kabla hujamaliza kazi tatu bila hiyo.

Nichague wimbo gani?

Wenye melodi ngumu kuua. Jaribio ni hili: piga melodi kwa kidole kimoja, bila kordi, bila maneno, polepole. Kama mtu wa chumba cha pili anautambua, utavumilia karibu kila utakachoufanyia. Nyimbo zinazotegemea mdundo tu au haiba ya mwimbaji hukatika mapema mno.

Chagua pia wimbo ambao una swali nao. Kuna mstari ndani yake usiouamini? Kuna furaha inayoonekana imelazimishwa? Anzia hapo. Kuupenda tu wimbo hakutoshi, maana utaishia kuupamba.

Nianzie wapi, hatua kwa hatua?

Andika mambo matano yanayoufanya wimbo ule uwe wenyewe: melodi, maneno, kordi, mdundo, mlio fulani maalumu. Kisha amua moja litakalobaki zima. Lililobaki lote ni halali yako.

Tuseme umebakiza melodi ya kiitikio. Futa kordi zote na uweke noti moja tu ya besi, isiyosogea, chini ya kiitikio kizima. Imba juu yake. Utasikia kwamba zile noti zilizokuwa zimekaa vizuri kwenye kordi zao sasa zinasuguana na besi, moja inavuta juu, nyingine inataka kuanguka. Melodi ni ileile lakini imekuwa na wasiwasi. Sogeza ile noti ya besi chini kwa hatua mbili na uimbe tena: wasiwasi umehamia kwenye maneno mengine. Kaa hapo. Mtu anaweza kufanya kazi nzima kwa kutafuta noti moja tu inayofunua neno sahihi.

Athari za mwangwi na vichujio ziongezwe mwisho. Ukizianza mapema zitakudanganya kwamba kuna kitu.

Nikivuta rekodi, herufi zinapotea na sauti inalia kama chuma. Nafanya kosa?

Hapana, hivyo ndivyo mbinu ilivyo. Kuna njia mbili za kupunguza kasi. Ya zamani, ya kanda na santuri, inashusha kasi na sauti pamoja. Santuri ya mizunguko 45 ikichezwa kwa 33 inashuka takriban nusu-toni tano, na mapigo 120 kwa dakika yanakuwa karibu 89. Ukipunguza kasi kwa nusu, sauti inashuka oktavu nzima. Mlio unakuwa mzito lakini unabaki wa asili.

Njia ya pili ni ya kompyuta: sauti inakatwa vipande vidogo sana vinavyopishana, kisha vinatandazwa kwa nafasi zaidi bila kushusha noti. Msingi wake ulielezwa na watafiti wa Bell Labs mwaka 1966. Irabu huvutika vizuri kwa sababu ni sauti inayoendelea. Konsonanti kama t, k na p ni mlipuko wa mara moja, hivyo husambaratika. Kiitikio cha sekunde 8 kikivutwa mara nane kinakuwa zaidi ya dakika moja ya irabu tupu, karibu na kwaya.

Ukitaka maneno yabaki, kata konsonanti kando kabla ya kuvuta, kisha uzirudishe mahali pake bila kuzivuta. Ni kazi ya mkono na inachosha, ila matokeo yake hayafanani na ya mtu aliyebonyeza kitufe.

Naweza kumtenganisha mwimbaji na muziki wake kwenye rekodi ya zamani?

Ndiyo. Tangu Deezer walipotoa Spleeter bure mwaka 2019, na programu nyingine kama Demucs zikafuata, jambo hilo linafanyika nyumbani. Sauti hutoka na mabaki: mkia wa ngoma, kivuli cha gitaa. Wengi huhangaika kuyasafisha. Mimi ningeyaacha yasikike, kwa kuwa ni alama ya mahali wimbo ulipong'olewa. Uwezo wa kutenganisha si ruhusa ya kutoa, na hilo linatupeleka mbele.

## Sheria na ruhusa

Nahitaji ruhusa ya nani?

Katika rekodi yoyote kuna haki mbili: ya utunzi, yaani melodi na maneno, na ya rekodi yenyewe. Ukipiga na kuimba kila kitu upya, unashughulika na ya utunzi peke yake. Ukichota hata kipande cha rekodi, unazihitaji zote mbili, na mara nyingi wenye nazo si watu wamoja.

Sheria hutofautiana nchi na nchi. Marekani, kava ya sauti ya wimbo uliokwisha kutolewa ina leseni ya lazima: ukilipa na kufuata utaratibu, mtunzi hawezi kukukatalia. Lakini sheria hiyohiyo inasema mpangilio wako usibadilishe melodi ya msingi wala tabia ya wimbo. Kwa aina ya muziki tunaouzungumzia, sharti hilo ni kubwa. Kazi ikienda mbali sana, omba ruhusa moja kwa moja.

Si kweli kwamba sekunde chache ni bure?

Si kweli, ingawa imani hiyo haifi. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hata mlio wa gitaa wa sekunde mbili unahitaji leseni. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya hukohuko ilikataa msimamo huo, katika shauri la mlio wa tarumbeta uliochukua chini ya robo sekunde. Ulaya, shauri la Kraftwerk, bendi ya elektroniki ya Ujerumani, kuhusu sekunde mbili za rekodi yao ya 1977 lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2019 ilisema kuchota kipande kifupi sana nako kunahitaji ruhusa, isipokuwa kimebadilishwa hadi sikio lisikitambue.

Kama siuzi, naruhusiwa?

Oswald hakuuza. Mwaka 1989 alitengeneza nakala 1,000 za albamu yake ya vipande vya nyimbo za watu, akazigawa bure na kutaja kila alichochota. Chama cha kampuni za rekodi cha Kanada kilimwandama, na nakala karibu 300 zilizobaki zikaharibiwa. Wenzake wa Uingereza, The Justified Ancients of Mu Mu, waliondolewa albamu yao sokoni mwaka 1987 kwa sababu ya kuichota ABBA bila kuuliza.

Nikifanya kava ikapendwa, nani analipwa?

Mtunzi wa wimbo. Wewe unapata sehemu ya rekodi yako tu. Soft Cell waliweka kava pande zote mbili za santuri ya "Tainted Love", hivyo fedha za utunzi za mojawapo ya santuri zilizouzwa sana enzi hizo hazikuwafikia hata kidogo. Wangeweka wimbo wao wenyewe upande wa pili, wangepata nusu. Ukitoa kava, iambatanishe na utunzi wako.

## Maswali ya pembeni

Je, kama wimbo wa asili tayari ni wa elektroniki?

Basi geuza njia. Uwe Schmidt, Mjerumani aliyehamia Chile, mwaka 2000 alizipiga nyimbo za Kraftwerk kwa cha-cha na merenge akitumia jina la Señor Coconut. Wengi walidhani ni bendi kamili ya Kilatini, kumbe ilikuwa kompyuta na sampuli. Kabla yake, mwaka 1992, Balanescu Quartet walizipiga kwa vayolini mbili, viola na chelo. Melodi za Kraftwerk ziliposimama bila mashine, zikaonekana ni za watunzi wa pop hasa.

Naweza kutumia sauti ya msanii maarufu iliyotengenezwa kwa akili bandia?

Kiufundi ni rahisi. Ila sauti ya mtu ni yake, na kumwimbisha asichokubali ni kumvunjia heshima, awe hai au amekufa. Mfano wa kuigwa ni Holly Herndon, aliyefundisha mashine kwa sauti yake mwenyewe na kuifungulia watu waitumie, kisha mwaka 2022 akatoa "Jolene" ikiimbwa na sauti hiyo. Tumia yako, au ya mtu aliyekubali kwa maandishi.

Kazi yangu imekwenda mbali mpaka hakuna anayeutambua wimbo. Bado niutaje?

Alvin Lucier, mwaka 1990, aliandika kipande kinachotokana na "Strawberry Fields Forever": mpiga piano anapiga vipande vya melodi vikiwa vimetawanyika, vinarekodiwa, kisha vinachezwa kutoka ndani ya birika la chai huku mfuniko ukiinuliwa na kufunikwa ili mlio ubadilike. Jina la wimbo limo kwenye jina la kipande, na bila jina hilo wasikilizaji wengi wasingejua. Likitajwa, sikio linaanza kutafuta, na mara linapata noti tatu zinazojulikana ndani ya mvuma wa birika.

Kwa hiyo utaje kama unataka watu watafute. Usipotaka, umetunga kipande kipya, nacho kisimame kwa miguu yake. Kuhusu rekodi uliyoichota, swali linabaki lilelile la sikio kuitambua au kutoitambua, na kabla ya kutoa kazi mpe mtu anayeujua wimbo vizuri asikilize bila kumwambia chochote.